Seva Chini ya Kabati la Mama

Bumu la mwaka wa pili lilipoingia, wenzangu walinunua viatu. Mimi nilinunua Raspberry Pi, kakompyuta kanakoenea kiganjani, nikakapeleka nyumbani Mbagala na kukaweka chini ya kabati la mama. Nilitaka mitihani ya miaka iliyopita ipatikane bure, tuache kuuziana fotokopi.

Ndani ya nyumba ilifunguka. Nje, wapi! Wiki nzima nikahangaika na ruta, kumbe anwani tuliyopewa ilianza na 100.64, lile fungu lililotengwa mwaka 2012 ili kampuni ziweke wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama nyumba ya kupanga yenye geti moja: kutoka unatoka, ila mgeni akikuulizia, mlinzi hajui unakaa chumba gani. Dawa yake ni Pi yenyewe kutoka kwanza, ichimbe handaki hadi seva ya kukodi, wageni wapitie humo. Ikakubali.

Nilichosahau ni hesabu. Kifurushi chetu kinapandisha megabiti 2 tu kwa sekunde. Faili la megabaiti 10 ni megabiti 80, yaani sekunde 40 kwa mtu mmoja. Watu 20 kwa pamoja, dakika 13 na ushee.

Usiku wa kuamkia UE darasa zima likaingia. Saa mbili mama akapiga simu. Anauza vitenge kwa WhatsApp, na picha za mteja wa Morogoro zilikuwa zimegoma kwenda.

"Mwanangu, intaneti ina nini leo?"

"Itarudi tu, mama."

Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyeijaza. Asubuhi mteja alishanunua kwingine.

Jumamosi nilikwenda nyumbani nikasema ukweli. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Hao wenzio, iliwasaidia?" Nikasema ndiyo. "Basi wape usiku. Mchana niachie mimi."

Nikapunguza uzito wa faili zote, kutoka megabaiti 10 hadi 1. Mchana seva inaruhusiwa nusu megabiti. Kuanzia saa nne usiku inachukua yote. Faili moja mchana ni sekunde 16, usiku 4.

Kwa hiyo ukiona inasuasua saa nane mchana, usinitukane kwenye grupu. Mama yupo kazini, na ada yangu inatoka kwenye vitenge hivyo hivyo.