F2 inayofuta fomu

Jumatatu, 3 Machi 2025. Mtabila
Stoo ya maharage, si mbali na ilipokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofungwa Desemba 2012. Mama wa stoo akibonyeza F2 kuhifadhi mzigo, fomu inapotea na panabaki takataka hii: [12~. F5 kwenda mbele hazina shida. Amechoka, karudi kwenye kauntabuku. Kwenye Linux yangu, programu ileile, seva ileile ya Kasulu mjini, F2 inahifadhi vizuri. Na mjini walishaagiza kibodi mpya! Ya nini?

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua cat -v kwenye mashine zote mbili nikabonyeza F2. Kwake, kupitia PuTTY: ^[[12~. Kwangu, xterm: ^[OQ. Seva imeambiwa TERM ni xterm, basi inasubiri OQ tu. Kinachoifikia kutoka kwake kinaanza na Esc, ambayo humu ni kughairi, kisha mabaki yanachapwa kama herufi. F5 zote mbili zinatuma [15~, ndiyo maana haikusumbua. Nikaingia mipangilio ya kibodi ya PuTTY, nikachagua Xterm R6. Mama kajaribu gunia moja. “Limeingia, mwanangu.” Kauntabuku hajaifunga lakini, na simlaumu.

Alhamisi, 6 Machi. Kasulu
Huku kitufe cha kufuta kinaandika ^?. Nimekuta ndani ya /etc/profile: stty erase '^H'. Kuna mtu aliponya mashine yake akawaumiza wenzake wote. Vita vya 8 (^H) na 127 (^?) ni vya zamani. Kwenye ASCII ya 1963, 127 ni biti zote saba: ukikosea herufi kwenye utepe wa karatasi, unatoboa matundu yote, kisomaji kinairuka. PuTTY na xterm yangu zinatuma 127, na SSH huipa seva taarifa hiyo mwanzoni mwa muunganisho. Mstari ule unakuja kuikanyaga. Nimeufuta. Mwenye ^H abadilishe kwake.

Bosi anataka niweke masharti ya vitufe kwenye seva, kila mtumiaji na lake. Sitaki. Mtu huyohuyo asubuhi yuko kwenye PuTTY, jioni yuko kwenye Termux ya simu. Sharti lake litafuata lipi?

Home ndani ya tmux bado inaacha tilde. Kuna aliyeandika humo TERM=xterm kwa mkono. Kesho naanzia hapo.