Karamu ya Nafaka

Kazi yangu ni lugha, wala si mifugo. Lakini neno moja, kucheua, limenifikisha zizini. Nilipotaka kuwaeleza wanafunzi maana yake kwa ukamilifu, ilinibidi kusoma habari za tumbo la ng'ombe. Tumbo lake la kwanza, liwezalo kuchukua lita 100 na zaidi, ni makao ya vijidudu wasio na idadi: katika mililita moja ya maji yake mna bakteria wapatao bilioni 10. Hao ndio wavunjao nyuzi za majani, ambazo ng'ombe mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Basi amlishaye ng'ombe hulisha kwanza umma huu.

Ama nafaka ni chakula cha heshima. Huko Marekani mamilioni ya ng'ombe hunenepeshwa kwa mahindi kabla ya kuchinjwa, nao hukua upesi. Lakini wanga wa nafaka huchachuka kwa kasi kuliko nyasi. Mwaka 1952 Robert Hungate na wenzake walieleza yaliyotokea kwa kondoo walioshibishwa nafaka ghafula: bakteria wa nyuzi waliangamia, na Streptococcus bovis akaongezeka mno, akalijaza tumbo asidi ya laktiki. Kwa mnyama alaye nyasi, kipimo cha pH huwa baina ya 6 na 7. Katika msiba huo huweza kushuka chini ya 5. Zaidi ya hayo, nafaka haicheuliwi sana, na kwa hiyo mate yapunguzayo ukali huo hupungua. Tumbo huacha kujongea, ukuta wake hujeruhiwa, na asidi huingia damuni.

Jirani yangu mmoja, mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyolipa karo ya mwanawe. Usiku mmoja ng'ombe alikata kamba, akala mahindi ya ghalani hadi akavimbiwa. Siku ya pili akafa. Watu walisema ni jicho la hasidi, na mama yule akaacha kusalimiana na nyumba ya tatu. Hivyo alipoteza ng'ombe, kisha akapoteza jirani, ilhali sababu ilikwisha kuandikwa miaka mingi, katika lugha asiyoisoma.

Nafaka si sumu. Ikiongezwa kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili au matatu, pamoja na nyasi za kutosha, vijidudu hupata nafasi ya kujipanga upya, wakiwamo wale walao asidi ya laktiki yenyewe. Wahenga waliosema haba na haba hujaza kibaba walikuwa na nafaka mikononi, na mithali yao yafaa zizini kama ifaavyo ghalani. Sisi tulio na kalamu tuna wajibu wa kuifikisha elimu hii kwa mfugaji katika Kiswahili anachokielewa, kabla kamba nyingine haijakatika.