Safari ya Mama Mdogo

Mwaka 1997 mama mdogo alianza kutokwa na damu, na hedhi ilikuwa imemkoma zamani. Hapa kijijini Busi mambo hayo hayakusemwa hadharani. Alimnong'oneza mama jikoni, akaitwa mwalimu wa madrasa akamwandikia kombe: aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, akanywa. Zahanati ikampa vidonge. Mtama ukavunwa, ukaisha ghalani, naye bado akijifunga kanga juu ya kanga na kukaa mbali na watu kwa sababu ya harufu.

Alipofikishwa hospitali Kondoa, akakutwa na saratani ya mlango wa kizazi, tukaandikiwa rufaa ya hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Enzi hizo hapakuwa na mahali pengine nchini palipotibu saratani kwa mionzi. Ng'ombe akauzwa tupate nauli, na mimi ndiye niliyemsindikiza. Barabara ya Dodoma ilikuwa vumbi na mashimo. Kila basi liliporuka alinishika mkono, hasemi neno.

Jengo lile la Wajerumani la 1897, linalotazama bahari ya Dar es Salaam, lilikuwa limefanywa taasisi ya saratani mwaka uliotangulia. Wodini nilisikia maelezo yale yale kitanda hadi kitanda: damu, mganga, vidonge, kuchelewa. Mionzi ilikata damu. Mwaka uliofuata tulimzika.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mhudumu wa afya ya jamii, nilimwona muuguzi akipima saratani ya mlango wa kizazi kwa siki. Siki, yenye makali ya asilimia 3 hadi 5, kama ile ya dukani! Anapaka, anangoja dakika moja, na palipoanza kuharibika panageuka peupe. Pakifaa kutibiwa, panagandishwa kwa baridi kali siku hiyo hiyo, na mama anarudi kwake kwa miguu yake. Nilitoka nje nikalia kwa uchungu. Mwanasayansi Harald zur Hausen alikwishatambua aina ya kirusi cha HPV inayoleta saratani hii mwaka 1983. Mama mdogo alikunywa kombe mwaka wa 14 baada ya hapo.

Chanjo ya HPV ilipoenezwa nchi nzima mwaka 2018 kwa mabinti wa miaka 14, uvumi ulitangulia kwamba itawafunga uzazi. Sikubishana na wazazi kwa vipeperushi. Niliwaeleza ugonjwa wa mama mdogo wote, hata harufu, ambayo kwetu ni aibu kuitaja, maana niliona kuificha ndiko kulikotuchelewesha. Kina bibi waliomfahamu waliniunga mkono, na neno lao lilikuwa na uzito kuliko langu.

Tangu 2024 ni sindano moja tu, kuanzia miaka 9. Ila chanjo ya binti haimkingi mama yake. Mwenye miaka 30 na kuendelea sharti apimwe, na anayeishi na VVU mapema zaidi, kwa hiyo siku ya upimaji ikitangazwa bado napita nyumba hadi nyumba kuwaita.