Simu moja, watu watano

Kadutu, Bukavu. Katika nyumba moja ya mbao iliyo mlimani, simu ya kugusa ni moja na wanaoitaka ni watano. Mwenye simu ni mama aliyekimbia toka Kalehe na watoto wake wanne, akapokelewa na dada yake. Bwana yake alibaki Numbi, kwenye machimbo. Hupiga simu anapopanda mahali penye mtandao, na nyumbani hawana njia nyingine ya kusikia sauti yake.

Kijana mkubwa yuko darasa la mwisho la sekondari, anajitayarisha kwa mtihani wa taifa. Kila jioni ni yaleyale: "Mama, mwalimu ametuma masomo." Si uongo. Vitabu havitoshi, kwa hiyo mwalimu hupiga picha za daftari na kuzituma kwa WhatsApp. Mama anampa simu. Nusu saa haijaisha, zinasikika nyimbo na vicheko, video moja ikifuata nyingine. Usiku mmoja mega ziliisha na betri ikazima. Walipopata mahali pa kuchaji asubuhi, ujumbe ulionyesha baba alijaribu kupiga mara nne. Zilipita siku mbili kabla ya kumpata tena, na siku hizo mama hakula vizuri.

Ni rahisi kusema kijana ameharibika. Lakini mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, masomo yalipita kwenye Redio Okapi, na redio haikumuuliza mtoto anapenda nini. Saa ya hesabu ilikuwa ya hesabu. Aliyechoka alienda kuteka maji. Kioo cha simu si hivyo. Kila unapokigusa, kinajifunza unachotamani, kisha kinakuongezea hichohicho. Mwalimu hufanya kinyume: anampa mtoto kitu ambacho bado hajajua kukitamani. Usiku, wote wawili wako ndani ya simu moja, na kijana yuko peke yake mbele yao. Hata watu wazima wanashindwa. Watazameni wanaovuka barabara pale Nyawera, macho yote mkononi.

Baba yake anachimba koltani. Ndani yake hutoka tantalamu, inayotumika kutengeneza vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu. Kijana alilijua jambo hilo kwa video, si darasani.

Mama hakumnyang'anya simu. Alinunua daftari. Sasa, kabla giza halijaingia, dada mdogo anasoma kwenye kioo na kaka anaandika kwa kalamu. Wakimaliza, intaneti inazimwa na simu inawekwa dirishani, panaposhika mtandao, betri ikiwa imebaki nusu. Majibu ya mtihani nayo yatakuja kwa ujumbe kwenye simu hiyohiyo.

Jumapili baba alipiga. Kijana ndiye aliyepokea.