Tulisambaza Kabla ya Kupima



Jioni moja hapa Miyuji, sisi mafrateri na wenzetu wa chuo kikuu tulituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya: kitunguu saumu na ndimu huponya presha kwa siku saba. Tuliupata mtandaoni kwa dakika moja, tukaona tumesaidia.

Wiki mbili baadaye mama mmoja wa jumuiya alizidiwa, akakimbizwa hospitali. Alikuwa ameacha vidonge. Tulipomtembelea alisema, “Wanangu, si ninyi wasomi mliotuma?” Hakutulaumu. Alikuwa ametuamini, na hilo ndilo lililotuuma.

Tuliusoma upya ujumbe ule. Haukuwa na jina la mwandishi wala tarehe; mwishoni palikuwa na namba ya kuagizia dawa. Tena presha mara nyingi haina dalili, kwa hiyo kujisikia mzima si kupona.

Mwaka 2018, katika ujumbe wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, Papa Fransisko alionya juu ya habari za uongo. Naye Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kwamba tabibu na mimea ya dawa vyote vyatoka kwa Mungu. Hatudharau kitunguu saumu. Tunakataa kimfukuze daktari.

Siku hizi mama yule hututumia jumbe kwanza. Tunatazama nani kaandika, lini, na anauza nini. Mara nyingi tunamjibu, “Mama, hatujui. Twende tukamuulize daktari.”