Siku Tatu Kisiwani Nkombo

Mtu akisikia neno kisiwa, mara hufikiri minazi, mchanga mweupe na maji ya chumvi kama ya Unguja au Lamu. Kisiwa ninachotaka kuwaelezeni, wasomaji wapenzi, hakina mambo hayo. Kimo katika ziwa Kivu, ambalo uso wake uko kiasi cha meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri yake humfanya mgeni atafute sweta. Jina lake ni Nkombo, nacho ni tarafa mojawapo ya wilaya ya Rusizi, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Cyangugu. Sisi wa Nkungu tu wa wilaya hiyo hiyo, lakini tu watu wa milima na mashamba. Wengi wetu huenda Kamembe sokoni, tukalitazama ziwa kwa mbali, kisha tukarudi makwetu.

Basi wakati wa likizo nilivuka kwa mashua ya injini, nikapata chumba kwa mama mmoja mjane mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitatu. Ndani mlikuwa na kitanda, chandarua, meza ndogo na beseni la kunawia. Bei ilikuwa ya kulala pamoja na chai ya asubuhi. Chakula cha mchana kilitaka mapatano mengine. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa karani, mpishi na bawabu.

Nilimwamkia kwa Kinyarwanda, naye akaniitikia vizuri sana. Lakini alipogeuka kumwita mjukuu wake nilisikia lugha nyingine. Ilikuwa Kihavu, ambacho husemwa pia kisiwani Idjwi, upande wa Kongo. Mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walikutana Brussels wakapatana mipaka; Idjwi kikawa cha Wabelgiji, na Nkombo kikabaki kwa Wajerumani. Hivyo ndugu waliokuwa wakitembeleana kwa mitumbwi wakawa watu wa nchi mbili, na hakuna aliyehama nyumbani kwake.

Jioni ile mjukuu, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, alishuka pwani akiwa amejitwika taa na betri zake. Ilikuwa siku za giza, na hizo ndizo siku za sambaza, kwa maana mbalamwezi ikiwaka samaki hawa hawaijali taa ya mvuvi. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu ya mkaratusi, hutandaza wavu chini yake, huwasha taa na kungoja. Zamani walitumia karabai. Huenda wakipiga makasia kwa nyimbo, na sauti zao hufika mbali sana juu ya maji. Nilistaajabu kukumbuka kwamba samaki mwenyewe si mwenyeji. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa kuwa maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kufaa. Leo ni vigumu kumpata mtu wa pwani asiyemla au asiyemuuza.

Yapata saa sita ya usiku upepo ulianza, kisha mvua ikapiga mabati hata nisisikie kitu kingine. Niliona mwanga sebuleni, nikatoka. Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha, amejifunika kitenge.

Nikamwuliza, "Mama, hawawezi kurudi?"

"Wakiona ng'ambo iko karibu watakwenda ng'ambo, mwanangu. Wakiwa katikati watangoja."

Niliketi naye. Ziwa hili lina kina cha meta 480 na zaidi, na usiku ule sikufurahi kuijua tarakimu hiyo. Mama hakulia wala hakusali kwa sauti. Alinieleza habari za nyumba. Tetemeko la tarehe 3 Februari, 2008, lililotikisa Rusizi na Bukavu siku ya Jumapili asubuhi, lilikuwa limepasua ukuta wa nyumba yake ya kwanza. Alipojenga upya aliongeza vyumba vya wageni, kwa kusudi moja.

"Vyumba vikijaa, huyu mtoto hataingia majini. Atakuwa mpokea wageni."

"Na vyumba hujaa, Mama?"

"Wiki hii uko wewe."

Nilihesabu kimoyomoyo. Bei yangu ya usiku mmoja haikufika sehemu ya kijana katika usiku mmoja mwema wa sambaza. Lakini usiku mwema si kila usiku, tena kila mwaka uvuvi hufungwa miezi miwili ili samaki wazae. Katika miezi hiyo kitanda cha mgeni ndicho chakula cha nyumba. Sikuona jibu la hesabu hiyo, na hata sasa sijaliona.

Walirudi saa mbili ya asubuhi, wamelowa, na mti mmoja umevunjika. Mama alimtazama mjukuu wake toka kichwani hata miguuni, akamwambia avue shati, akaenda jikoni. Chai yangu ilikuja na sambaza wa kukaanga, ndizi na parachichi. Nimekula katika hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani, lakini chakula kile nilikila polepole kuliko vyote.

Kijana alilala mchana kutwa. Jioni akafunga mti mpya, akashuka tena.

Siku ya tatu nililipa. Mama alizigawa fedha mafungu mawili juu ya meza, moja la mafuta ya kupikia, la pili la saruji ya chumba cha nne. Akanituma niwaambie watu wa Nkungu kwamba kisiwani mna vitanda visafi, nami ndivyo nifanyavyo hapa. Wavuvi walikuwa hawajarudi nilipopanda mashua. Tulipishana nao katikati ya maji, mitumbwi yote mitatu, nao wanaimba. Kijana alinitambua akainua kasia.