Uwanja Kabla ya Ukumbi

Katika miaka yangu ya uafisa utamaduni Kasulu na Kibondo, hoja iliyotawala vikao ilikuwa moja: maigizo na ngoma vimezorota kwa kukosa ukumbi, basi tujengewe ukumbi na sanaa zitafufuka. Nimestaafu nikiwa na msimamo mwingine, nao nautetea hapa kwa sababu bado naona wilaya hizi zinaweza kuokoa kilicho chao. Nyanda hizi za juu za Kigoma ziliwahi kuwa na sanaa hai za maonyesho pasipo jengo lolote. Sanaa hizo ziliyumba kila mara alipoondoka mtu mwenye wajibu wa kuwaita watu, na zitasimama tena wajibu huo ukipata mwenyewe.

Historia ya Buha, nchi ya Waha, inaonyesha hivyo. Katika tawala za Waha, Heru upande wa Kasulu na Muhambwe upande wa Kibondo, ngoma zilikuwa alama ya mamlaka, na mwami, yaani mtawala, ndiye aliyekuwa na sababu ya kuwakusanya watu. Mwaka 1963 serikali ilifuta uchifu. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, kaya zilizotawanyika vilimani zikahamishiwa vijiji vya ujamaa, na majirani waliozoea kucheza pamoja wakaachana. Sanaa ingeweza kukatika hapo, lakini alikwishapatikana mwitaji mwingine, naye ni mwalimu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera za Mathias Mnyampala zilienea shuleni nchi nzima, na mwalimu wa kijiji akawa mtunzi, mwelekezaji na mgawaji wa sehemu za kuigiza. Mwito huo nao ulififia baadaye, ukata wa miaka ya 1980 ulipozibana shule na mfumo wa vyama vingi ulipoingia mwaka 1992.

Wazee wa wilaya hizi wakisimulia maonyesho ya wakati ule, kumbukumbu zao zinafanana. Madawati yalitolewa madarasani kwa ajili ya wazee na wageni. Watoto walikaa chini mbele, vumbi jekundu hadi magotini, na watu wazima wakasimama nyuma kulifunga duara. Wapiga ngoma walishika kivuli cha mwembe, waigizaji wakaingia kwa kupasua umati. Kijana aliyejifunga khanga na kushika mkongojo alikuwa bibi kizee, na hakuna aliyehitaji pazia ili amwamini. Mtazamaji alidakia neno, mwigizaji akamjibu papo hapo. Hizo ni kanuni kamili za jukwaa, na kila aliyekuwapo alizijua.

Wapo wanaouliza, na mvua je? Kigoma hunyeshewa kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, na onyesho la uwanjani haliwezi kushindana na radi. Swali ni la haki, lakini jibu lake lipo kwenye kalenda. Juni hadi Septemba anga ni kavu, mavuno yako ghalani na watu wana nafasi. Huo ndio msimu wa sanaa, na miezi ya mvua ni ya kutunga na kufanya mazoezi madarasani. Tena jengo peke yake halilindi kitu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na ukumbi wake uliungua mwaka 2002. Tamasha lake la kila mwaka liliendelea kwa sababu walimu na wanafunzi walikuwapo.

Wengine husema watazamaji wamekwisha kuchukuliwa na simu na filamu. Atakayeingia kwenye kibanda umiza ataona vingine: mabenchi ya mbao, madirisha yaliyozibwa kwa nailoni nyeusi, vijana wamebanana wakimsikiliza mtu anayeisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili cha mitaani. Wanalipa ili watazame pamoja, na wanaipenda sauti inayosema kama wao. Hiyo ndiyo hadhira ya maigizo, ila hakuna anayeiita uwanjani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ngonjera zilikuwa kipaza sauti cha chama, kwa hiyo anayezikumbuka kwa uchungu anaililia propaganda. Nakubali kwamba nyingi zilisifu kuliko kuuliza. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, Mwanza, wakaanza kwa kuwauliza shida zao. Mimba za wasichana zikajitokeza, zikaigizwa mbele ya wazazi wenyewe, na mjadala ukafunguka. Mkusanyiko uleule unaweza kubeba sifa au swali, kutegemea nani anapewa nafasi ya kutunga.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa halmashauri ni wa gharama ndogo. Kwanza, zimtaje afisa mmoja ambaye kazi yake, kwa maandishi, ni kuitisha maonyesho kila kiangazi na kutoa taarifa yake kwa madiwani. Pili, Chuo cha Ualimu Kasulu kiwe mahali ambapo mwalimu kijana anajifunza kuongoza maigizo, kwa Kiswahili na kwa Kiha. Tatu, vikundi vya sanaa visaidiwe kuomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hutengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Na kwa kuwa mkopo hulipwa, kikundi kitajifunza kutoza kiingilio na kuiheshimu hadhira yake. Ukumbi uje baada ya hayo. Ukitangulia, utaishia kuwa wa semina na harusi, na wazee waliozijua kanuni za uwanja watakuwa wameondoka bila kumkabidhi mtu.